Mlango wa Chumba cha Nyuma

Barrow, 2 Februari 1987

Bwana Trask,

Jina langu ni Edith Gathercole, nina miaka sitini na miwili, nimestaafu kazi ya jikoni shuleni. Mume wangu Wilf amekuwa akipokea jarida lako la Periskopu tangu toleo la kumi na mbili. Siku hizi yuko hospitali kwa ajili ya mapafu, kwa hiyo mimi humpelekea wodini. Anayewasomea wenzake ni Jos Clague wa kitanda cha pili, kwa kuwa ndiye aliyebakiwa na macho. Wote ni watu wa nyambizi. Wanacheka mpaka muuguzi anakuja kuwanyamazisha. Mwezi uliopita ulipoeleza kwamba kuta za nyambizi katika mfululizo wa televisheni wa “Futi Mia Mbili” zilikuwa za karatasi ngumu na zilitikisika mwigizaji akipiga chafya, Jos alisema, “Karatasi si hoja. Hoja ni nafasi. Mle ndani ungeweza kufanya harusi na bibi harusi akapata pa kugeuzia gauni.”

Nakuandikia kwa sababu ya mchezo wa nne, ulioonyeshwa Novemba 1957. Ule ambao chumba cha nyuma kinaingia maji, nahodha anaamuru mlango ufungwe, na kijana mmoja anabaki upande wa pili. Nakumbuka aligonga. Aligonga kwa spana kwenye mlango, ngo ngo ngo, na wenzake walisimama wameinamisha vichwa wakisikiliza mpaka akanyamaza.

Nataka uniambie kama nakumbuka sawa. Unakumbuka kila kitu kuhusu mfululizo ule, hata saa ya mkononi ambayo nahodha alisahau kuivua. Kaka yangu alikufa ndani ya nyambizi mwaka 1943, kwa hiyo kwangu hili si suala la kupitisha muda. Tafadhali usinijibu kupitia jarida. Niandikie nyumbani.

Wako,
Edith Gathercole


Gosport, 6 Februari 1987

Bi. Gathercole,

Asante kwa barua yako ya tarehe mbili. Jibu fupi: hapakuwa na kugonga.

Jibu refu ni hili. Michezo ile ilichezwa moja kwa moja studioni na haikurekodiwa. Hakuna kanda. Kilichobaki ni picha kumi na moja, ratiba za magazeti, na madaftari yangu. Wakati ule nilikuwa ripota wa gazeti la hapa na nilipewa kazi ya kuutathmini mfululizo mzima. Nilikaa mbele ya televisheni na kalamu mkononi. Kuhusu tukio lako nimeandika hivi, nanakili kama lilivyo: “Mlango unafungwa. Nahodha: Imekwisha. Hakujua lolote. Kimya. Injini tu. Sekunde 40 bila neno. Uamuzi wa ujasiri.”

Katika tathmini yangu nilisifu kimya kile kuliko kitu kingine chochote. Nisingesifu kimya kama kulikuwa na mtu anagonga.

Nimekaa miaka thelathini na nane katika kazi ya habari, na nimeona watu waaminifu wakikumbuka moto ambao haukuwaka. Nakupa pole kwa ajili ya kaka yako. Mimi nilikuwa kwenye meli ya juu ya maji, na watu wa chini walituita “wakavu”.

L. Trask
Mhariri, Periskopu


Barrow, 11 Februari 1987

Bwana Trask,

Daftari lako lina masikio? Yangu ninayo mawili na yalikuwepo.

Nilitazama kwa Bi. Fell, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa sababu sisi hatukuwa na televisheni. Tulikuwa wanawake sita na sahani ya biskuti. Kijana wa kwenye mchezo alivaa kofia ya sufu yenye mstari mmoja wa rangi nyepesi. Bwana Trask, kofia ile aliifuma mama yangu. Ilikuwa moja tu duniani, na waliinakili. Sufu nyeusi ilimwishia, akamalizia na ya njano iliyobaki kwenye sweta langu, na kaka yangu Harry akaondoka nayo. Aliyeandika mchezo ule alizungumza na mtu aliyekuwemo ndani ya nyambizi ya Harry. Kwa hiyo nilijua natazama nini. Halafu yule kijana akaanza kugonga, na Bi. Fell akasema, “Edie, biskuti zako zinaanguka.”

Sasa nikueleze kwa nini nauliza, maana naona unapenda mambo kwa mpangilio. Mume wangu Wilf alikuwa fundi wa injini katika nyambizi hiyohiyo. Vita vilipokwisha alikuja nyumbani kwetu, akakaa jikoni na kofia magotini, akamwambia mama kwamba Harry alikufa papo hapo. “Hakujua lolote, mama.” Kwa maneno hayo aliingia katika nyumba yetu, na miaka miwili baadaye akanioa. Nimeishi naye miaka arobaini juu ya maneno hayo.

Kama kwenye mchezo aligonga, basi huenda aligonga kweli, na Wilf anajua. Daktari ananiambia wiki sita, labda chini. Nataka kujua kabla sijabaki na mtu wa kuuliza ambaye hajibu. Lakini siwezi kwenda kumuuliza mgonjwa jambo kama hilo kwa sababu ya kitu ambacho ripota wa Gosport anasema nilikiota.

Mama alitazama mchezo huohuo Alhamisi yake, walipourudia kwa ajili ya wale waliokosa. Nilimsihi asiende. Alikwenda. Alirudi akavua koti, akasema, “Unaona? Hakujua lolote. Hata wao wamesema.” Nikajua anajikaza kwa ajili yangu, nami nikajikaza kwa ajili yake. Hatukuligusa tena mpaka anakufa.

Tafuta tena.

E. Gathercole


Barrow, 24 Februari 1987

Bwana Trask,

Toleo la thelathini na moja limefika. Nalinakili safu yako ya Masahihisho, labda umesahau ulichoandika: “Msomaji wetu wa Barrow anasisitiza kwamba katika mchezo wa nne alisikia kugonga. Kumbukumbu huvuja mahali ambapo mwenye nayo hatazami. Hapakuwa na kugonga.”

Nilikuomba uniandikie nyumbani. Umeniandikia wodini.

Jos aliisoma kwa sauti kubwa. Wilf akamwambia, “Rudia hiyo.” Jos akarudia. Wilf akaniangalia akasema, “Barrow hii ina watu wangapi wanaoandikia jarida la televisheni?” Nikamwambia sijui, mji una watu wengi wasio na kazi. “Si wewe?” Nikasema si mimi. Basi akamaliza pai na njegere zote, yeye ambaye wiki nzima alikuwa akisogeza chakula pembeni mwa sahani. Jos akasema, “Tazama, mzee amepata hamu ya kula kwa kusikia kwamba kitu hakikutokea.”

Sasa niambie wewe unayejua mambo. Kwa nini mtu afurahi hivyo kusikia kwamba hapakuwa na kugonga?

Silali vizuri. Nasafisha kabati ambazo ni safi. Jana nimetoa vitu vyote vya Wilf chumbani na kuvirudisha vilivyokuwa. Kama huna la maana la kuniambia, usiniandikie.

E.G.


Gosport, 27 Februari 1987

Bi. Askwith,

Hatufahamiani. Mimi ni Leonard Trask, mhariri wa jarida dogo la wapenzi wa “Futi Mia Mbili”. Wasomaji mia moja na arobaini, wengi wao wana magoti mabovu. Nimepata anwani yako kwa mmoja wa waigizaji. Ameniambia ulikuwa katibu wa mwongozaji kwa michezo yote sita, na kwamba hutupi karatasi.

Nina swali moja. Mimi nilikuwa na zamu ya gazetini kila Jumapili, kwa hiyo michezo yote niliitazama Alhamisi. Miaka thelathini nimeandika kana kwamba Jumapili na Alhamisi zilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa tuliambiwa waigizaji walirudia neno kwa neno. Msomaji mmoja aliyeona mchezo wa nne siku ya Jumapili anakumbuka kitu ambacho mimi sikukiona. Nilimwambia amekosea, na nikamwambia hadharani. Baada ya hapo nilifungua daftari kutafuta jambo jingine, nikaona tarehe niliyoiandika juu ya ukurasa: Alhamisi, 14 Novemba. Nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kuisoma.

Je, kulikuwa na mabadiliko kati ya Jumapili tarehe 10 na Alhamisi tarehe 14? Nakuomba uniambie unachokijua na unachokikisia, na unitenganishie hivyo viwili.

L. Trask


Richmond, 5 Machi 1987

Mpendwa Bwana Trask,

Nimesubiri miaka thelathini mtu aniulize, nawe unaniuliza kama karani wa mahakama. Haya, nakutenganishia.

Ninachokijua, kwa sababu nina mswada mbele yangu: ukurasa wa arobaini na saba umekatwa kwa penseli nyekundu. Kugonga kote kumetolewa. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: “Alhamisi tu. Badala yake nahodha aseme: Imekwisha. Hakujua lolote. Halafu kimya.” Nimekuwekea fotokopi.

Ninachokumbuka ni hiki. Jumanne mchana Bert wa getini alipiga simu. “Doreen, nina jamaa hapa wa kutoka kaskazini. Haondoki na hataji jina. Anasema ana neno kuhusu mlango wenu.” Mwongozaji akasema hana muda wa maseremala. Nikashuka mwenyewe. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mfupi, kifua kipana, kofia mkononi, viatu vya kazi vilivyopigwa rangi upya. Nikampandisha.

Aliwatazama wakifanya mazoezi mpaka mwisho. Kisha akamwendea mwongozaji akamwambia, “Ninyi mmefanya dakika tatu. Zilikuwa nyingi zaidi. Silalamiki, nasema tu.” Halafu akasema mama wa yule kijana anaishi karibu naye, na kwamba siku ya Alhamisi atakuwa mbele ya televisheni ya mchungaji. “Ameambiwa hakujua lolote. Nawaomba mumwache alivyo.”

Mwongozaji alikuwa mtu mgumu. Akamuuliza, “Wewe ndiye uliyefunga?”

Akajibu, “Amri ilikuwa ya nahodha. Mikono ilikuwa yangu.”

Penseli nyekundu ilitoka papo hapo. Kabla hajaondoka alimwonyesha mwigizaji wetu namna ya kufunga mlango ule. Si kwa mikono, alisema, mikono haitoshi; unaweka bega na unageuza uso. Alifanya mara moja tu. Mlango wetu ulikuwa wa mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya chuma, lakini aliufunga kana kwamba una tani nzima nyuma yake, na fremu ikapasuka. Seremala alilalamika mpaka Alhamisi.

Nikampa chai. Akaniambia amejua habari za mchezo wetu kwa mke wake, aliyeuona Jumapili na kurudi nyumbani akilia juu ya sahani. “Kaka yake ndiye yule,” akasema. “Nami sijui namna ya kumwambia.” Baadaye akauliza mahali pa kununua glavu za kike. Nikamwelekeza. Akaniomba nifungue kiganja, akapima mkono wangu kwa macho. “Wake ni kama huu,” akasema. Akaondoka. Jina lake silijui hata leo.

Ninachokikisia nakiacha kwako. Kama msomaji wako ni yule mke, mwambie glavu zile zilichaguliwa kwa wasiwasi mkubwa.

Doreen Askwith


Gosport, 9 Machi 1987

Bi. Gathercole,

Uliniambia nisiandike kama sina la maana. Ninalo.

Nimeambatanisha barua ya Bi. Askwith, aliyekuwa katibu wa mwongozaji, pamoja na nakala ya ukurasa wa mswada. Soma yake kabla ya kuendelea na yangu.

Ulisikia ulichosikia. Jumapili kulikuwa na kugonga na Alhamisi hakukuwa. Mama yako hakuwa akijikaza, alikuambia alichokiona. Nilikukosoa kwa ushahidi wa siku nyingine na nikakufanyia mzaha mbele ya watu mia moja na arobaini, wakiwemo wa wodi ya mume wako. Naomba radhi.

Kwamba mtu yule alikuwa mume wako, mimi sijui. Bi. Askwith hakupata jina. Wewe utajua kama Wilf alikuwa nje ya Barrow Jumanne tarehe 12 Novemba 1957.

Toleo la thelathini na mbili linakwenda posta tarehe 20. Kanuni yangu ni kwamba kosa husahihishwa katika toleo linalofuata, mahali palepale, kwa ukubwa uleule wa herufi. Nitaandika ukweli wote bila majina.

L. Trask


Barrow, 12 Machi 1987

Bwana Trask,

Usichapishe.

Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nitakuambia kuhusu Jumanne ile, kwa sababu nina umri huu na bado nasikia aibu ninapoandika.

Wilf aliniambia anakwenda Manchester kwa mkutano wa chama cha wafanyakazi. Aliondoka Jumanne na treni ya kwanza, akarudi Jumatano jioni. Nilipofua koti lake nilikuta kipande cha tiketi ya London. Na alikuwa ameniletea glavu za ngozi, rangi ya kahawia, ndani ya boksi lenye karatasi laini. Wilf, ambaye zawadi yake ya harusi kwangu ilikuwa sufuria. Akaniwekea mezani akasema, “Nimeziona tu.” Mwanamke yeyote wa mtaa wetu angekuambia maana ya tiketi ya London, uongo wa Manchester, na glavu.

Sikumuuliza. Niliziweka juu ya kabati zikiwa ndani ya boksi. Hazijawahi kuingia mkono. Miaka thelathini, Bwana Trask, kila tulipogombana juu ya jambo lolote, makaa, watoto, redio, mimi nilikuwa nagombana na mwanamke wa London. Aliposema anakwenda kuvua samaki nilihesabu saa. Yeye aliona nimekuwa baridi, naye akanyamaza zaidi, nami nikaona kunyamaza kwake ni ushahidi.

Kumbe alikwenda kumfunika mama yangu masikio.

Sasa kuhusu jarida. Wilf hajawahi kuwaambia wenzake kwamba ni yeye aliyefunga mlango. Jos hajui. Ukichapisha, hata bila majina, Jos atasoma kwa sauti: mtu wa kaskazini, bega, mikono ilikuwa yangu. Wilf atalala pale na mpira wa oksijeni puani, hana pa kugeuzia uso. Kama kuna mtu wa kumwambia kwamba najua, nataka awe mimi, si safu yako ya Masahihisho.

Najua nilikuja kwako nikidai ukweli. Sasa nakuomba uukalie kidogo. Kila siku nakwenda pale na sentensi nimeipanga kichwani, nikiwa kwenye basi inasimama vizuri, nikifika kitandani inakufa. Namwambia habari za paka. Nipe muda.

Edith Gathercole


Gosport, 16 Machi 1987

Bi. Gathercole,

Sijawahi kuacha kosa ninalolijua lipite toleo moja. Niliwahi kusahihisha jina la mbwa.

Toleo la thelathini na mbili linakwenda posta Ijumaa bila safu ya Masahihisho. Sikuandika uongo, nimeacha mahali patupu. Utalipata Jumamosi.

Mambo mawili, uyatumie au uyaache. Katika kazi yangu niligundua kwamba sentensi iliyopangwa kwenye basi huwa haifai. Unaingia, unaanza na kitu kilichopo mkononi. Na la pili: Bi. Askwith anaandika kwamba mtu yule alimwambia mwongozaji zilikuwa dakika nyingi zaidi. Mtu anayetaka jambo lifunikwe hana haja ya kusahihisha urefu wake. Sijui maana yake. Nimeliona tu.

L. Trask


Barrow, 29 Machi 1987

Bwana Trask,

Leo ni Jumapili ya akina mama. Asubuhi nimempelekea mama maua makaburini, halafu nikapanda basi kwenda hospitali. Nilikuwa nimevaa glavu.

Jos alikuwa anasoma jarida lako kwa mara ya tatu, amekasirika. “Huyu mtu wa Gosport ameacha nafasi nyeupe. Nimelipia stempu ya kusoma nafasi nyeupe.” Wilf alikuwa macho. Nikakaa. Nikaweka mikono juu ya blanketi, mahali anapoweza kuiona, nikamwambia paka ameanza kula.

Aliitazama mikono. Akasema, “Zinakutosha?”

“Zinabana kwenye kidole gumba.”

“Nilipima kwa mkono wa katibu mmoja. Nilidhani ni sawa.”

“Wa kwangu ni wa mtu anayeosha masufuria ya shule, Wilf.”

“Ungeniambia, ningezirudisha.”

“London?”

Hapo akafumba macho. Nilidhani ndiyo basi, nimeharibu. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Akasema, “Jumapili ile ulirudi kwa Bi. Fell ukaniambia walisimama tu, wameinamisha vichwa, na yeye anagonga. Ukasema hakuna aliyemjibu. Nikashindwa kumeza.”

Nikamwambia, “Nakumbuka. Ulisema viazi vina chumvi.”

“Nilikwenda kuwaona. Nilikwenda niwaambie waseme kweli, Edie. Njia nzima ndivyo nilivyokusudia. Walikosea. Halafu nikafika, nikaona ile kofia kichwani kwa yule kijana, nikamkumbuka mama yako na Alhamisi. Nikaona nikiwaambia wasahihishe, atasikia yote. Basi nikawaambia watoe yote.”

“Walikosea wapi?”

“Alijibiwa.”

Bwana Trask, naandika alivyosema, kwa vipande, maana pumzi haitoshi sentensi nzima. Mlango ulipofungwa nahodha alitaka kila mtu asogee mbele. Wilf hakusogea. Hakukuwa na namna ya kuufungua. Maji yangewachukua wote. Kwa hiyo alikaa chini akaegemea mlango, akachukua nyundo, na kila Harry alipogonga, yeye alijibu. Harry mara mbili, Wilf mara mbili. Nahodha alimtazama akamwacha. “Ili ajue kuna mtu,” Wilf akasema. “Nilishindwa kumwambia mama yako kwamba nilikuwepo bila kumwambia zilikuwa dakika ngapi.”

Nikamuuliza walikuwa wanagongaje. Akatoa mkono chini ya blanketi akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake ya ndoa, ngo ngo. Akasubiri. Nikavua glavu ya kulia na mimi nikagonga, ngo ngo. Jos akainua macho kwenye jarida akauliza, “Chai imekuja?” Wilf akamwambia, “Soma nafasi yako nyeupe, Jos.”

Baadaye alilala, nami sikuwa na kabati la kusafisha, nikakaa tu.

Nilimwambia kuhusu wewe. Anasema unaweza kuchapisha, na kwamba atamwambia Jos mwenyewe kabla, akipata pumzi. Ana sharti moja. Bi. Askwith hakupewa hesabu kamili. Anasema ziandikwe dakika thelathini na nane. Alikuwa na saa mkononi, na hakuivua.

Edith


Periskopu, toleo la 33, Aprili 1987

MASAHIHISHO

Katika toleo la 31 jarida hili lilidai kwamba katika mchezo wa nne wa “Futi Mia Mbili” hapakuwa na kugonga, na kwamba msomaji wetu wa Barrow alikosea. Aliyekosea ni mhariri. Mhariri aliutazama mchezo Alhamisi, 14 Novemba 1957, baada ya kugonga kuondolewa. Msomaji aliutazama Jumapili, tarehe 10. Alisikia sawasawa.

Mchezo wenyewe nao unahitaji kusahihishwa. Ulionyesha dakika tatu. Zilikuwa thelathini na nane. Ulionyesha wenzake wamesimama wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa amekaa, ameegemea mlango, ana nyundo. Kila kijana alipogonga, alijibiwa. Aliyetupa habari hii alikuwepo. Alifariki wodini Barrow tarehe 8 Aprili, baada ya kusomewa maneno haya na kubadilisha neno moja.

Tulikuwa tumeandika “ameinama”. Alisema iandikwe “ameegemea”.